Volkano Iliyopumzika Jumapili

Njogu alikuwa mpishi wa harusi, na Kitengela nzima haikuwa na mtu wa kukoroga pilau na maneno kwa mwiko mmoja kama yeye. Alikaanga vitunguu akizungumza, akaonja chumvi akizungumza, akapakulia wazee akizungumza, na watu walimvumilia mdomo kwa ajili ya mkono. Mke wake alipofariki alimwachia binti mmoja, Shiro, aliyechukua macho ya mamake na ukimya wake pia. Majirani walisema Mungu anajua kupanga, maana nyumba ile isingebeba midomo miwili ya Njogu.

Mwaka ambao Shiro alichumbiwa, Njogu alipata kazi ambayo hakuwahi kuifanya. Watafiti wa miamba walikuwa wamepiga kambi bondeni, upande wa barabara ya Magadi, nyuma ya Milima ya Ngong, na mpishi wao wa kwanza alikuwa amewakimbia kwa sababu ya joto na nge. Njogu alifunga visu vyake ndani ya aproni, akaaga kanisani kana kwamba anakwenda Ulaya, akateremka bondeni. Alizoea kupikia watu waliovaa suti. Hawa walikula wakiwa wamevaa vumbi, na kila jioni walipanga mawe mezani pale pale alipotaka kuweka sahani.

Mkubwa wao alikuwa Daktari Caroline Ndulu, mwanamke wa Machakos mwenye kofia pana na nyundo kiunoni. Njogu alimpenda mara moja, kwa kuwa alikuwa anakula vizuri na hakuchoka kuulizwa maswali. Kutoka kwake alijua kwamba kuna mahali bondeni ambapo ardhi yenyewe hutoa mvuke, bila kuni, na kwamba mahali pengine mvuke huo hunuka kama mayai yaliyooza. Habari hiyo aliiweka moyoni kama mtu anavyoweka akiba ya sukari.

Jioni moja alikuwa akisonga ugali huku maharagwe yakitokota kwenye jiko la pili. Akainua mwiko akaelekeza kaskazini.

“Daktari, mimi niko na swali. Hiyo milima ilipangwa na nani? Olorgesailie ndio hii hapa karibu, Suswa iko kule, na nyinyi mnasema mbele yake kuna Longonot. Imekaa kwa laini kama watu wanangoja chakula. Mbona hakuna mmoja umetoka kwa laini?”

Caroline alicheka, akasogea jikoni. “Wacha kusonga kidogo. Angalia sufuria yako.”

Njogu akatoa mwiko. Ugali ukatulia, ngozi yake ya juu ikakauka, ikavimba, kisha ikapasuka katikati. Pale ilipopasuka mvuke ukatoka puu, puu, puu, kama mzee anayevuta kiko.

“Moto uko chini ya sufuria yote,” Caroline akasema. “Mbona mvuke unatokea hapo tu?”

“Si ndio hapo pamepasuka? Mvuke ni mjinga aanze kutoboa ukuta na mlango uko wazi?”

“Basi umejijibu nusu.” Caroline alichukua donge la unga wa chapati kutoka kwenye beseni, akalivuta kwa mikono miwili. “Ardhi ya huku inavutwa hivi, mashariki na magharibi. Inaenda polepole, hata ukucha wako unakua haraka kuliko hiyo. Unaona katikati panavyokonda? Mwisho panachanika, na vipande vya katikati vinashuka. Zile ngazi za mawe tunazoteremka na gari tukitoka juu, nyingi ni mipasuko ya namna hiyo. Sasa, chini ya pale palipokonda, mawe ya moto yanapanda. Ule mzigo uliokuwa unayakandamiza unapungua, mengine yanayeyuka, na hayo yaliyoyeyuka yanatafuta pa kutokea. Yakikuta mipasuko yanaifuata. Ndio sababu volkano nyingi za huku zimefuata bonde. Hata Ngong yenyewe ilikuwa volkano kubwa, mipasuko ikaikata, upande mmoja ukashuka.”

Njogu aliketi juu ya gunia la viazi. Ngong! Tangu ujana wake amekula nyama choma Ngong na hakuna mtu aliyewahi kumwambia.

“Na huo upande mwingine ulienda wapi?”

“Uko huku chini, umefunikwa na mawe yaliyokuja baadaye. Pengine umeukalia.”

Njogu akainuka kidogo kutoka kwenye gunia.

“Lakini sasa sikiliza vizuri, Mzee Njogu,” Caroline akaendelea, “maana hapa ndipo watu wengi hukosea. Mpasuko peke yake si—”

Harufu ya maharagwe kuungua ikamkatiza. Njogu aliruka mbio, akapigana na ile sufuria, akamwaga maji, akalaumu kuni, akalaumu upepo. Aliporudi, Caroline alikuwa ameitwa kwenda kuvuta gari lililokwama korongoni, na lile somo likabaki limekatika shingoni. Njogu hakujali. Alijiona ameshiba.

Mkataba wake wa kupika ulipokwisha alirudi Kitengela akiwa mtu mwingine. Zamani alizungumza kuhusu bei ya nyanya na mienendo ya wachungaji. Sasa alizungumza kuhusu mipasuko. Mtu akimwomba nyongeza ya mchuzi, anapewa na habari za ganda la dunia. Kwenye matanga ya jirani alisimama kutoa pole akaishia Longonot.

Aliyeumia zaidi ni Selpha, mama yake Lennox, yule kijana aliyemchumbia Shiro. Selpha alikuwa karani wa mahakama mjini Kajiado, mjane mwenye miwani na msimamo, aliyetoka kwao upande wa ziwa miaka mingi iliyopita na kupanga nyumba Kitengela. Kazi yake ilimfundisha kutoamini neno lisilo na shahidi. Kila Njogu alipomaliza hotuba, Selpha alirekebisha miwani na kuuliza, “Na ushahidi uko wapi, Baba Shiro?”

Hao wawili walikuwa wameshavutana vya kutosha kuhusu siku ya harusi. Njogu na kanisa lake walitaka Jumamosi. Selpha alikuwa Msabato na Jumamosi kwake haiguswi. Jumapili nayo kanisa lilijaa ibada kutoka asubuhi hadi jioni. Baada ya vikao ambamo chai ilikuwa nyingi kuliko maelewano, walikubaliana Ijumaa, asubuhi, ili Selpha awe nyumbani kabla jua halijazama. Mwenyekiti wa kamati ya harusi, Irungu, alifunga kikao kwa maombi marefu. Irungu alikuwa mzee wa kanisa na mfanyabiashara wa kuku. Ploti yake ilipakana na uwanja wa kanisa, ukuta tu kati yao, na majogoo wake walikuwa na desturi ya kuitikia amina kabla ya waumini.

Ilikuwa Julai, mwezi wa baridi na ukungu, na mvua za Aprili zilikuwa zimepita mbali. Ule udongo mweusi wa Kitengela, ambao masika hung'ang'ania kiatu na kiangazi hukunjamana, ulikuwa umekauka ukaanza kuachana. Asubuhi moja Njogu alikwenda uwanja wa kanisa kupima mahali pa kuweka mahema, kwa maana kanisa lenyewe lilikuwa bado linajengwa, kuta bila paa, na shughuli zote zilifanyika nje. Karibu na ukuta wa nyuma akakuta ufa.

Ulikuwa mrefu, umenyooka, na mtu angeweza kuingiza mkono. Njogu aliangalia jua akaona unaelekea kaskazini na kusini, kama bonde lenyewe. Akapiga magoti. Na hapo, mbele ya macho yake, ufa ukapumua. Mvuke mweupe ulitoka polepole, ukamgusa uso, na ulikuwa na joto. Akavuta pumzi. Mayai yaliyooza.

Inasemekana alikimbia hadi kwa Mchungaji Ishmael akiwa na kiatu kimoja. Mchungaji alikuwa akinyoa ndevu.

“Mchungaji! Imekuja!”

“Nini imekuja?”

“Volkano! Iko kwa kanisa!”

Kabla ya saa sita, nusu ya mtaa ilikuwa imezunguka ule ufa. Ulikuwa unapumua kweli, na kunuka kweli. Njogu alisimama kando yake na fimbo kama mwalimu, akaeleza mambo ya ugali na ngozi, ya unga wa chapati na kuvutwa, na hapo ndipo watu walimsikiliza bila kudai chakula.

Siku zilivyopita watu waliugundua mwenendo wake. Siku za katikati ya juma ufa ulitoa mvuke kidogo. Alhamisi ukazidi. Ijumaa na Jumamosi asubuhi ulitoa mawingu. Jumapili ulikuwa kimya kabisa, hata ukiinama na kuweka sikio.

“Hii volkano imeokoka,” wakasema akina mama wa kwaya. “Inaheshimu siku ya Bwana.”

“Inaheshimu siku gani?” Selpha akadakia. “Inafanya kazi Sabato yote bila haya. Hiyo ni kitu ya dunia tu.”

Ubishi huo ulichukua juma zima na kuwaletea mahudhurio makubwa makanisa yote mawili. Dalali mmoja wa ploti alionekana akiwaonyesha wateja ule mvuke kutoka mbali, akiwaambia eneo lina maji ya moto ya asili.

Irungu, kama mzee wa kanisa, aliona ni wajibu wake kuchukua hatua. “Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta,” akatangaza, akaleta mkokoteni wa udongo mwekundu na kokoto. Njogu alilala kifudifudi juu ya ufa, mikono ameitandaza.

“Mkiziba mtatuua! Mvuke ukikosa mlango huu utatafuta mwingine!”

Walimwinua kwa heshima, wakaziba. Kesho yake mvuke ukatokea hatua chache kutoka pale, kwenye ufa mwingine, chini kabisa ya dirisha la ofisi ya mchungaji. Baada ya hapo hakuna aliyembishia Njogu tena, isipokuwa Selpha.

Alimfuata Selpha hadi kwake na kumkuta akipiga pasi.

“Mama Lennox, hii harusi tuihamishe. Niko na rafiki Bisil ako na uwanja mzuri.”

“Bisil?” Selpha akaweka pasi chini. “Watu wangu watoke ziwani usiku kucha, wapite hapa Kitengela wakiangalia kanisa kwa dirisha, waende harusi kwa soko la ng'ombe?”

“Afadhali ng'ombe kuliko moto!”

“Baba Shiro, umeona moto?”

“Nimeona mvuke.”

“Hata mimi nimeona mvuke, uko kwa hii pasi. Nihame?”

Njogu akamgeukia Shiro, aliyekuwa amemtembelea mama mkwe, amekaa pembeni akishona shanga kwenye kitambaa cha kichwa. Shiro alivuta uzi, akakata kwa meno, kisha akasema maneno mengi kuliko aliyokuwa amesema mwezi ule mzima.

“Baba, mimi nitaolewa hapo. Ikilipuka, ilipuke nikiwa na gauni.”

Njogu akabaki na njia moja. Alimpigia simu Caroline, lakini Caroline alikuwa bado bondeni ambako simu hushika ukipanda juu ya jiwe fulani tu. Njogu alipaza sauti hadi majirani wakatoka nje: “Ufa, Daktari! Ufa! Una mvuke! Unanuka!” Simu ikakatika. Baadaye ukaja ujumbe: *Mzee Njogu sijashika vizuri, ni nani ananuka? Nitakuja harusi Ijumaa. Tutaongea.*

Basi Ijumaa ikafika, na baridi yake. Njogu alikuwa amejiandaa kama jemadari. Mahema aliyaweka upande wa barabara, mbali na ufa kadiri uwanja ulivyoruhusu. Masufuria yalikuwa nje ya lango. Kando ya lango alimweka dereva wa kenta, pua ya gari ikielekea mjini, na kumwagiza asithubutu kuzima injini. Yeye mwenyewe alivaa suti ya baba wa bibi harusi na juu yake aproni, kwa kuwa hakumwamini mpishi mwingine yeyote kwa pilau ya mtoto wake.

Caroline alifika akiwa na gauni la kijani na ile kofia yake ya kazini. Njogu alitaka kumvuta moja kwa moja hadi kwenye ufa, lakini kwaya ilikuwa imeshaanza kumwingiza Shiro, na hata volkano haiwezi kumkatiza bibi harusi. Shiro alipita taratibu, na Njogu akamkabidhi kwa Lennox akiangalia nyuma ya mabega yao. Mvuke ulikuwa mwingi kuliko siku zote. Ulipanda ukutani kama pazia, na ile harufu ikawafikia hata wageni wa mbele, ambao walianza kutazamana kwa kulaumiana.

Mchungaji Ishmael akasafisha koo.

“Kama kuna yeyote ambaye ana sababu ya kuzuia ndoa hii, na aseme sasa, au anyamaze milele.”

Ufa ukajibu. Ulitoa mngurumo wa tumbo, *bwoooh*, kisha wingu likapaa juu ya ukuta, na tope jeusi likarukia viti vya nyuma.

“Toka!” Njogu akapiga ukelele. “Kila mtu kwa kenta! Toka!”

Kitengela haijaona watu waliovaa vizuri wakikimbia vibaya namna ile. Kwaya iliyoingia ikiwa sauti nne ilitoka kwa sauti moja. Kofia, viatu na biblia vilibaki kwenye nyasi. Wageni wa ziwani, ambao hawakuwa wamepewa habari zozote, walikimbia kwa sababu wenyeji wanakimbia. Irungu aliruka benchi kwa wepesi usiotarajiwa kwa mzee wa kanisa, akawa wa kwanza kufika kwenye kenta, akaketi mbele kando ya dereva na kufunga mlango.

Waliobaki mbele walikuwa Mchungaji, ambaye aliona aibu kukimbia kabla ya kumaliza, Shiro na Lennox walioshikana mikono, na Selpha, aliyekuwa amekaa vile vile na mkoba mapajani.

Caroline alikuwa akitembea kuelekea kwenye ufa.

“Daktari, rudi!” Njogu akalia, akamfuata, akarudi nyuma, akamfuata tena.

Caroline alipiga magoti na gauni lake zuri, akatoa kipimajoto kwenye mkoba, akakifunga uzi na kukishusha. Alingoja. Akakivuta, akakisoma, akakunja uso. Ufa ukatoa pumzi nyingine, na kitu cheupe kikapaa pamoja na mvuke, kikazunguka hewani, kikatua juu ya mdomo wake wa juu kama sharubu. Alikitoa kwa vidole viwili na kukiangalia.

Ulikuwa unyoya.

Akachukua kijiti, akachokora ndani, na kuvuta fungu zima la manyoya yaliyolowa.

“Mzee Njogu,” akasema bila kugeuka, “leo umetupikia nini?”

“Pilau, mukimo, kabichi,” Njogu akajibu, “na kuku. Kuku wengi sana, maana watu wa Mama Lennox wanapenda kuku.”

“Na hao kuku wananyonyolewa wapi?”

Njogu aligeuza kichwa. Akaangalia ukuta. Nyuma yake zilisikika sauti za vijana wakicheka na mabeseni yakigongana, kisha maji mengi yakamwagwa, *shwaaa*. Ufa ukapumua. 

“Kwa Irungu,” akasema polepole.

Ilibidi watu wanne wamshushe Irungu kutoka kwenye kenta, kwa kuwa alikuwa ameshika usukani pamoja na dereva. Mbele ya Mchungaji na ya manyoya yale, alieleza yote. Kila alipochinja, kuku walichovywa kwenye maji ya moto ili wanyonyolewe. Maji hayo yalipita kwenye bomba alilolichimbia mwenyewe hadi kwenye choo cha shimo cha zamani, kilichofukiwa nusu, kando ya ukuta wa kanisa. Katika shimo hilo hilo alitupa mayai viza, yale yaliyoshindwa kuanguliwa kwenye mashine. Ardhi ilipokauka ikapasuka, zile nyufa zilifika hadi kwenye shimo, na kila beseni lilipomwagwa, hewa chafu na mvuke vikatafuta mlango upande wa kanisa.

“Na ulijua?” Mchungaji akauliza.

“Haki ya Mungu sikujua! Mimi nilidhani maji ikishaingia chini inakuwa ya serikali.” Irungu akajipangusa jasho. “Si hata mimi nilikuwa nafunga na kuomba juu ya hii kitu? Alhamisi yote nimefunga!”

“Ulikuwa umefunga,” Selpha akasema, akiinuka hatimaye, “na umewachinjia watu Ijumaa na Jumamosi, na Jumapili umefunga duka. Kwa hivyo mwenye kuheshimu Jumapili ni Irungu. Volkano haina kanisa.”

Kicheko kilianza kwa Lennox, kikampata Mchungaji, kikawafikia waliokuwa langoni na kuenea hadi barabarani. Watu walishikana mabega. Mama mmoja wa kwaya alilazimika kulala kwenye nyasi. Katikati ya yote hayo Njogu alisimama na suti na aproni, na kila kidole kilichonyooshwa kilikuwa kinamwelekea yeye.

“Daktari,” akasema kwa sauti ndogo, “si wewe uliniambia mvuke unatokea kwa mpasuko?”

“Nilikuambia, na ni kweli. Nikataka kukuambia mengine, ukakimbilia maharagwe.” Caroline alijipangusa magoti. “Mpasuko ni njia tu, Mzee. Njia inaweza kuwepo na hakuna anayepita. Lazima huko chini sana kuwe na mawe yaliyoyeyuka, ndio yaitumie hiyo njia. Iko mipasuko mingi bondeni ambayo haijawahi kutoa hata tone. Na ile ninayoisema mimi inaingia ndani ya mwamba kilomita na kilomita. Hii yako ni matope yamekauka. Ukimwaga maji wiki moja itajifunga.”

Mchungaji akaona umefika wakati wa kuwarudisha watu. Viti vikapangwa upya, viatu vikatafutiwa wenyewe, vijana wa Irungu wakaamriwa wasimwage tone. Mchungaji akauliza tena swali lake, haraka haraka, jicho moja likiwa ukutani. Hakuna kilichojibu, na Shiro na Lennox wakafungishwa ndoa.

Njogu alikwenda kwenye masufuria yake akapika kimya. Jambo hilo liliwatia watu wasiwasi kuliko volkano. Wasaidizi wake walizunguka kwa kunyata, na wazee walionja pilau kwanza kwa ncha ya kijiko.

Shiro alimkuta nyuma ya hema la jikoni, ameinamia kabichi. Akageuza sufuria tupu juu chini, akakunja gauni, akaketi kando yake.

“Baba, chakula ni kitamu.”

“Watu wanacheka?”

“Wanakula wakicheka. Shangazi wa Lennox amesema hajawahi kuona harusi nzuri kama hii.”

Njogu aliendelea kukata kabichi ambayo haikuhitajika tena. “Unajua mama yako alianza na kikohozi,” akasema. “Kikohozi kidogo. Kila mtu akasema si kitu, hata daktari akasema si kitu. Tangu hapo, Shiro, mimi nikiona kitu kidogo siwezi kukiacha. Nilikuona hapo mbele na hiyo nguo nyeupe, na ule mvuke nyuma yako.” Kisu kikasimama. “Sikutaka kungoja niambiwe si kitu.”

Shiro aliinuka. Alimfungua kamba ya aproni, akaivua kichwani mwake, akamfuta nayo uso, kisha akamshika mkono na kumpeleka kucheza. Njogu alicheza na Selpha pia, kwa umbali ambao wote wawili waliuona unafaa, na Selpha aliondoka mapema akiwa na bakuli la kuku chini ya mkono, jua likiwa bado juu.

Irungu alichimba shimo jipya upande wa mbali, kwa usimamizi wa kanisa zima. Yule dalali wa ploti hakuonekana tena kwa muda. Njogu alitaniwa hadi Septemba. Mtu akikohoa sokoni, mwingine anaita, “Baba Shiro, njoo uone!” Mwanzoni ilimchoma. Baadaye akagundua kwamba wanaomtania ndio hao hao wanaomwita kupika, na kazi zilikuwa nyingi kuliko awali, maana kila mtu alitaka kwenye harusi yake yule mpishi wa volkano.

Jumapili moja Caroline alijitolea kuwapeleka kuona kitu chenyewe. Walikwenda yeye, Njogu, Selpha na wale maharusi wawili, wakasimama Corner Baridi, pale ardhi inapoacha ghafla kuwa ardhi na kuwa hewa. Chini yao bonde lilikuwa limelala, ngazi baada ya ngazi, na mbali kwenye ukungu Suswa ikionekana kama sahani iliyofunikwa. Hata Selpha alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

“Sasa huu ni ushahidi,” akasema. Kisha, kama karani wa mahakama, akatafuta kosa. “Lakini Daktari, ukisema volkano inafuata bonde, mbona Kilimanjaro imekaa kule ng'ambo ya Loitokitok peke yake? Dada ya Baba Shiro ameolewa Entarara, anaamka akiiangalia kila siku. Bonde la huko liko wapi?”

Njogu alivuta pumzi kujibu, akageuza kuwa kikohozi, akamwachia Caroline.

“Swali zuri. Kule hakuna bonde kama hili, lakini chini kuna mipasuko pia, mingine ya zamani sana, mingine imefunikwa na mlima wenyewe. Wengi tunadhani inakutana huko. Bado tunabishana. Ardhi haifuati kanuni zetu kama tunavyotaka. Kwani wewe mama kwenu ni wapi hasa?”

“Homa Bay.”

“Basi hata nyinyi mko ndani. Kuna mkono wa bonde unaoingia magharibi, upande wa ziwa. Mlima Homa wenyewe ni volkano ya zamani.”

Selpha alinyooka, akakaza mkoba mkononi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyerithi shamba ghafla.

“Umesikia, Baba Shiro? Kwetu tuko na yetu. Nzima. Haijakatwa nusu kama hiyo ya Ngong.”

“Mama Lennox, ngoja.” Njogu akamgeukia na mikono yote miwili. “Ngong imekatwa, ndio, lakini hujaiona kabla haijakatwa! Hiyo ilikuwa mlima! Homa ni kilima cha mbuzi!”

“Umeiona wapi wewe kabla haijakatwa? Ushahidi uko wapi?”

“Si huu hapa chini unaukanyaga?”

Caroline aliangalia saa, kisha akaangalia maharusi. Shiro akafungua kikapu cha chakula, Lennox akatandika leso kwenye nyasi, na wale watatu wakaanza kula, wakijua kwamba wazee wao wangechukua muda.